Begani, Mara Mbili

Nywele za Siafu zilianza kusukwa kabla maji ya chai hayajachemka, na chai ikapoa kichwa kikiwa nusu, maana mwenye kichwa hakutulia. Kila mama yake alipogawa fungu jipya, yeye aligeuka kutazama mlangoni kama msafiri anayeogopa kuachwa.

“Mama, niwekee za njano.”

“Za njano zipi tena?”

“Kama za Binti Mfalme wa Bustani. Zinamfika mpaka hapa.” Akajigusa kiuno.

“Mimi nasuka kichwa ulichokuja nacho duniani. Tulia, nisije nikasuka na sikio.”

Mama Siafu alikuwa msusi. Sebule ile ile waliyolia chakula ndiyo aliyosukia, na wanawake walitoka humo na mistari iliyonyooka kama matuta ya bustani ya mchicha. Wateja walimtii, wakainamisha shingo kama kondoo. Bintiye tu ndiye aliyemshinda.

“Mwache aseme,” alidakia Bibi kutoka kwenye kiti chake cha dirishani. “Hata mimi umri wake nilitaka nywele kama mkia wa farasi.”

“Ukapata, Bibi?”

“Nikampata babu yako. Kichwa chake kilikuwa yai.”

Baba Siafu alicheka. Alikuwa amesimama mlangoni, mkoba begani, akichelewa kwa kupenda. Kila mfanyakazi wa Bustani ya Michezo aliruhusiwa kuingiza jamaa zake bure siku moja kwa mwaka. Mwaka uliopita Siafu alikuwa na tetekuwanga, na mwaka uliotangulia alikuwa mdogo mno. Leo ndiyo leo.

“Sikiliza, Siafu,” alisema. “Mama atavaa kile kilemba chake cha rangi ya chungwa. Mtasimama karibu na bomba la maji. Dubu akikiona kilemba, anakuja.”

“Umeongea naye?”

“Nimeongea naye.”

“Akasemaje?”

“Dubu hasemi, mwanangu.”

“Sasa umeongeaje naye?”

“Mjibu,” alisema Bibi. “Leo umepatikana.”

“Alitikisa kichwa kukubali,” alisema Baba Siafu, naye akatikisa chake, polepole, kama kizito.

Siafu aliridhika. Alijua, na mtaa mzima ulijua kwa kinywa chake, kwamba baba yake ndiye anayempelekea Dubu maji ya kunywa. Ilikuwa kazi kubwa. Watoto wengine baba zao walipeleka mizigo tu. Mama Siafu na Bibi ndio pekee waliojua ukweli, kwa sababu walifua fulana zilizokauka chumvi: hakukuwa na Dubu mwingine ila yeye. Sheria ya Bustani ilikataza mtu wa ndani ya vazi kujitaja, hata kwa watoto wake mwenyewe. Mtoto akijua, walisema, Dubu amekufa.

Kabla baba yake hajaondoka, Siafu alimwonyesha kichupa cha dawa ya kikohozi, kimeoshwa, ndani mna asali kidogo iliyochotwa kwenye akiba ya Bibi.

“Nitampa mwenyewe, mkononi,” alisema. “Usimwambie.”

“Simwambii.”

“Tikisa kichwa.”

Akatikisa.

Siafu jina alipewa na Bibi, siku aliyozaliwa. Mweusi, alisema, mdogo, na akishika haachii.

*

Kuvaa vazi la Dubu, wafanyakazi wenyewe waliita kuvaa ngozi. Miguu kwanza, halafu kiwiliwili, halafu mikono yenye makucha ya sponji, kichwa mwisho. Ndani mna joto la tanuri na jasho la jana. Yale macho makubwa ya kioo ya Dubu ni pambo tu. Mtu wa ndani huonea mdomoni, kwenye wavu mweusi uliofichwa kati ya meno. Huona vifua vya watu wazima, kofia zao, simu zilizoinuliwa. Chini ya hapo, walipo watoto ambao kazi yote imewekwa kwa ajili yao, haoni kitu.

Ndiyo maana Dubu ana mwongozaji. Wake alikuwa dada mmoja mwembamba waliyemwita Filimbi, kwa ile filimbi iliyokuwa haikosi shingoni mwake. Alitembea nyuma, mkono begani kwa Dubu, na mkono huo ndio uliokuwa macho yake. Akigonga mara moja: simama, mtoto yuko mbele yako, inama kidogo, kumbatia, geukia kamera. Akigonga mara mbili: pita. Baba Siafu alifundishwa kwamba mara mbili ni watoto wanaoogopa, wale wanaojificha nyuma ya sketi za mama zao, na Dubu mwenye adabu halazimishi mapenzi. Aliikubali sababu hiyo kwa moyo mweupe. Kamwe hakuwahi kuiuliza mara ya pili.

Vipaza sauti viliimba ule wimbo uliokuwa ukiimbwa kila siku, mpaka hata mafundi wa gurudumu kubwa waliuimba usingizini:

*Njoni wote njoni mbio, Dubu anawangojea,*
*Kumbatio ni la wote, nani hatalipokea?*

Dubu alitoka lango la nyuma, akapita mbele ya ukuta mrefu uliochorwa familia ya kifalme: mfalme, malkia, Binti Mfalme na wadogo zake, wote mashavu ya waridi, wote nywele za nyasi kavu. Makelele yakampokea. Begani, mara moja: akakumbatia. Mara moja: akakumbatia tena. Ndani ya wavu macho yake yalitafuta rangi moja tu.

Akaiona. Kilemba cha rangi ya chungwa, kule bombani, nyuma ya mabega ya watu. Moyo ukamruka. Kilemba kilipo ndipo mama alipo, na mama alipo ndipo mtoto alipo. Hesabu hiyo haikuhitaji shule. Akaongeza hatua.

Hapo akahisi kuvutwa. Chini, karibu na goti, vidole vidogo vilikuwa vimeshika manyoya.

Begani, mara mbili.

Akapita. Wala hakupita kwa sababu ya bega peke yake, na hilo ndilo litakalomla baadaye. Alikuwa na haraka. Alikuwa na mtoto wake wa kumfikia, na huyu alikuwa mtoto tu, mtoto wa watu. Vidole havikuachia. Akavuta mguu kwa nguvu kidogo, kama mtu anayejinasua kwenye miiba, na vikaachia.

Alipofika kwenye kilemba alifungua mikono. Mbele yake mkewe alikuwa ametazama upande mwingine, mdomo wazi, akiita. Baba Siafu alisubiri. Hakuna kilichoingia kati ya mikono ile. Filimbi ikalia, muda wa Dubu ulikuwa umekwisha, na mkono begani ukamgeuza kumrudisha langoni.

*

Alipofika nyumbani aliona viatu vya Siafu mlangoni, vimepangwa sambamba. Akajua kuna jambo. Viatu hivyo kwa kawaida kimoja hukutwa chini ya meza na kingine hutafutwa asubuhi kwa kelele.

Bibi alikuwa dirishani. Mama Siafu alikuwa akichambua mboga ambazo zilikuwa zimekwisha kuchambuliwa.

“Haya, mmeniletea habari gani za Bustani?” aliuliza, akijitia uchangamfu. “Siafu! Umemwona Dubu?”

“Nimemwona.”

“Akakukumbatia?”

“Hakunitaka.”

Alilisema kama mtu anavyosema duka limefungwa.

“Aliniponyoka,” alisema Mama Siafu bila kuinua macho. “Nilikuwa nimeinama namfungia Bibi kiatu. Kugeuka, hayupo. Kumbe amepita chini ya kamba, yuko mbele kabisa. Nikaita mpaka sauti ikakauka, na ule wimbo wao unavyopiga kelele.”

“Nilitaka Dubu anione vizuri,” alisema Siafu. “Nilimshika hapa.” Akashika goti la baba yake, pale pale. “Nikamwambia, Dubu, nimekuletea asali. Akavuta mguu.”

Baba Siafu aliketi. Hakutafuta kiti, kiti kilikuwepo kwa bahati.

“Labda hakukuona, mwanangu.”

“Nilimshika, Baba. Mtu akishikwa anahitaji macho?”

“Manyoya yake mazito...”

“Halafu tulimfuata na Mama kwa nyuma, alipotoka tena. Akamkumbatia yule wa shati la bluu. Halafu yule mwenye nywele za Binti Mfalme. Kulikuwa na kaka mmoja mweusi na mdogo wake, wamenyoosha mikono hivi. Akawapita.” Akaishusha mikono. “Hawakuwa wanaogopa. Walikuwa wanacheka. Baba, Dubu hapendi watoto weusi?”

Jikoni kifuniko cha sufuria kilitetemeka, kikatulia. Mama Siafu alimtazama mumewe, Bibi akamtazama, na mtoto akamtazama, na katika macho yote hayo ni ya mtoto tu yaliyokuwa hayajui yanamtazama nani.

“Nitamuuliza,” alisema.

“Utamuuliza na hasemi?”

Mama Siafu alifuta mikono, akaleta picha waliyokuwa wamepigwa. Ilikuwa picha ya ule ubao wa mbao wenye tundu la uso, mtoto anapochungulia na kutokea kuwa Binti Mfalme. Uso wa Siafu ulikuwa tunduni, mistari ya nywele imenyooka, meno yote nje. Chini ya kidevu ulianza mwili wa rangi ya waridi, na mikono miwili ya waridi iliyoshika maua.

“Mikono si yangu,” alisema Siafu, akiigusa kwa kidole. “Nilimwambia mpiga picha. Akasema cheka tu.”

“Na ukacheka.”

“Nilikuwa bado sijamwona Dubu.”

Kichupa cha asali kilikuwa mezani, kizibo hakijaguswa. Baba Siafu alikitazama muda wote wa chakula.

*

Kesho yake alimkuta Filimbi kwenye chumba cha kubadilishia nguo, anashona kifundo cha mkono wa Dubu kilichofumuka. Feni ilikuwa imeharibika. Kichwa cha Dubu kilikuwa juu ya benchi kati yao, kinachekelea.

“Jana, bombani,” alisema. “Kulikuwa na mtoto wa kike.”

“Jana kulikuwa na watoto wa kike kama mchele.”

“Nywele za mistari. Kichupa mkononi. Alinishika goti.”

Sindano ya Filimbi ilisimama. “Ah. Yule wa kichupa.” Akamtazama vizuri. “Nani yako?”

“Ndiye Siafu.”

“Wee!” Aliweka mkono wa Dubu chini. “Wee, baba wewe! Kwa nini hukuniambia anakuja?”

“Nikuambie ili iweje? Useme huyu wa kwetu, tumsimamishie? Wale wasio na baba humu ndani wasimamishiwe na nani?” Sauti ilimpanda, akaishusha, maana kuta za chumba kile zilikuwa za mbao nyembamba. “Hakuwa anaogopa, Filimbi. Mimi nilifundishwa mara mbili ni wanaoogopa.”

Filimbi alicheka, cheko lisilo na furaha. “Wewe walikufundisha hivyo. Mimi walinifundisha kamera ikiwepo, Dubu apate watoto watakaong'aa kwenye bango. Neno lao ndilo hilo, watakaong'aa. Rangi hawaitaji. Watu wastaarabu hawataji rangi. Wiki yangu ya kwanza nilimsimamishia mtoto mmoja mweusi, mzuri huyo, ana mashavu kama maandazi. Msimamizi akaniita akasema picha imetoka giza. Nikasimamisha mwingine. Akaniuliza kama macho yangu yanahitaji miwani. Sikumsimamisha wa tatu.”

Akanyoosha mkono wake karibu na wa Baba Siafu, juu ya benchi. Ilifanana kama vipande viwili vya ubao mmoja.

“Utazame mkono wenyewe. Mtu angeniambia huu ndio utakaowapitisha wenzake, ningemtukana. Sasa hivi hata siufikirii. Unagonga wenyewe. Umezoea.”

“Na jana pale bombani, kamera ilikuwepo?”

Filimbi aliuondoa mkono wake juu ya benchi. Akachukua sindano, akaitafuta tundu, ikamkataa.

“Sikumbuki,” alisema. “Nadhani haikuwepo.”

Saa ya kazi ikafika. Baba Siafu alivaa ngozi, miguu kwanza, kichwa mwisho, na siku nzima kila alipogongwa mara mbili alijua yuko mtu pale. Zamani giza la chini ya wavu lilikuwa giza tu. Sasa lilikuwa limejaa nyuso zilizoinuliwa, mikono iliyonyooshwa, zawadi ndogo ndogo ambazo hakuna aliyezitaka. Alizihisi zikimpita pande zote mbili kama mtu anayevuka mto usiku. Naye alipita, maana kazi ni kazi, na miguu ya Dubu ilikuwa imezoea bega kama ng'ombe anavyozoea fimbo. Alitamani atokee hata mmoja wa kumshika goti, asiachie. Hakuna aliyemshika siku ile.

*

Jumatatu Bustani ilifungwa, na shule ya Siafu ilikuwa na mkutano wa walimu. Baba Siafu alikuwa uani anagonga mguu wa kiti cha wateja uliolegea, aliposikia wimbo. *Njoni wote njoni mbio.* Siafu alikuwa amepanga vyombo kwenye msingi wa nyumba: miiko ya mti, kikombe cheupe cha bati, kijiko cha plastiki cheupe, chungu kidogo cheusi cha kuchemshia dawa ya Bibi. Naye alikuwa Dubu. Alitembea kwa kuyumba, mikono imetanuka, mashavu yamevimba.

Alifika kwenye mwiko. Akajigonga begani mwenyewe, mara mbili. Akaupita.

Mwiko wa pili. Mara mbili. Akaupita.

Kikombe cheupe. Mara moja. Akakiokota, akakikumbatia kwa nguvu, akageukia kamera isiyokuwepo na kucheka meno yote nje.

Nyundo ilibaki hewani. Siafu alikuwa ameona kule kugonga. Huyu mtoto aliyesimama chini ya kamba kwa dakika chache alikuwa ameusoma mkono wa Filimbi, akajua sheria ambayo baba yake aliivaa mwilini miaka yote asiijue. Na alikuwa anaicheza vizuri. Hakuwa na huzuni. Hilo ndilo lililomchoma: hakuwa na huzuni hata kidogo. Alikuwa anajifunza kazi.

Chungu cha Bibi kilikuwa cha mwisho. Mara mbili.

Baba Siafu aliingia ndani, akawakuta wanawake wawili juu ya sinia la mchele.

“Namwambia,” alisema.

“Mwambie,” alisema Mama Siafu papo hapo, kama aliyekuwa akilishika neno hilo mdomoni tangu juzi. “Afadhali ajue ni mtu aliyevaa manyoya, tena kipofu, kuliko kudhani dunia nzima ina dubu wanaomkataa.”

“Umwambie nini?” aliuliza Bibi. “Kwamba aliyemvutia mguu ni baba yake? Mwanangu, tumia akili. Mtoto akose dubu, asikose baba. Dubu ataota mwingine.”

“Mama, anacheza kule nje. Amekipita mpaka chungu chako.”

Bibi aliinamia sinia. Alichagua jiwe kwenye mchele, kisha akachagua jingine ambalo halikuwa jiwe.

“Chungu changu mimi?” alisema mwishowe, polepole. “Nenda basi.”

Alimwita bintiye waketi pale msingini, kati ya miiko. Hakujua aanzie wapi. Watu wengi wakipotea njia ya maneno hupitia hadithi. Yeye alipitia mlango wa mbele.

“Siafu. Dubu ni mimi.”

Mtoto alimtazama. Akatazama mikono yake, akaigeuza, akatazama viganja.

“Wewe unampelekea maji.”

“Maji nakunywa mwenyewe. Dubu ni nguo. Mimi ndiye niliye ndani.”

“Tikisa kichwa.”

Akatikisa. Kilitikisika kwa uzito ule ule, na mtoto akakitambua. Uso wake ukatulia kama maji yanapoacha kuchezewa.

“Wewe ndiye uliyenipita.”

“Ndiyo.”

“Ulinisikia nikikuvuta?”

“Nilisikia.”

“Ukadhani ni nani?”

“Nilidhani ni mtoto.”

“Mtoto gani?”

“Mtoto tu. Nilikuwa nimeona kilemba cha mama yako kule mbele. Nilikuwa nakutafuta wewe, Siafu. Nilikuwa nina haraka ya kukufikia wewe.”

Siafu alizungusha kidole kwenye ukingo wa kikombe cha bati. Baba yake alisubiri machozi. Kwa machozi angejua la kufanya.

“Sasa kama nisingekuwa mimi,” alisema mtoto, “ingekuwa sawa?”

Hakuna ukuta, hakuna ngozi, hakuna wavu uliobaki kati ya swali lile na yeye.

“Hapana,” alisema. “Nilidhani ni sawa. Haikuwa sawa.”

“Na wale wawili waliokuwa wanacheka?”

“Nao pia.”

“Kwa nini hukusimama?”

“Niligongwa mara mbili. Ukigongwa mara mbili, unapita. Mguu wenyewe unakwenda.”

“Ni mbaya, huo mguu,” alisema Siafu.

“Ni mbaya.”

Akainuka, akajipangusa sketi. Akavipanga vyombo upya, akachanganya, miiko na kikombe na kijiko na chungu, akavisambaza ua mzima kama mtu anayepanda mbegu. Kisha akaja nyuma ya baba yake.

“Chuchumaa.” Akapanda mgongoni. “Fumba macho. Usidanganye. Mimi nikigonga mara mbili, simama.”

“Na ukigonga mara moja?”

“Simama.”

“Na usipogonga?”

“Basi tembea mpaka ushikwe. Ukishikwa, simama.”

Alitembea kipofu katika ua wake mwenyewe, mzigo wa binti mgongoni, na mkono mdogo ukamgonga begani mara mbili. Mguu ukaenda. Akakanyaga mwiko, ukalia kwaa.

“Umempita!” alifoka Siafu. “Rudi.”

Akarudi. Mara mbili: mguu ukaenda tena, nusu hatua, ukakumbuka, ukasita. Mara mbili: ukasimama. Ilichukua asubuhi nzima. Jirani aliyekuwa anaanika nguo aliuliza kama huyu mtu mzima amerogwa, na Mama Siafu akamjibu kutoka dirishani kwamba anajifunza kutembea, tena amechelewa. Bibi aliletewa kiti akakaa katikati ya vyombo, akanyoosha mkono ovyo ovyo akamshika mwanawe suruali kila alipopita, akicheka mpaka kilemba kikamdondoka.

Walipochoka, Baba Siafu alikiona kichupa cha asali kwenye ukingo wa dirisha. Jua lilikuwa limekipiga, kimekuwa kama taa.

“Sasa nipe asali yangu,” alisema. “Si umejua ni mimi?”

Siafu alikifikia kabla yake. Akakishika kwa mikono miwili, ile ya kwake mwenyewe.

“Ni ya Dubu,” alisema. “Akisimama.”

*

Jumanne mabasi ya shule yalikuwa mengi. Msimamizi alikuwa amepanda juu ya jukwaa la muziki na redio ya mkononi, na mpiga picha alikuwa akipima mwanga. Filimbi alimfungia Dubu kichwa kwa nyuma, akakaza mshipi.

“Mwanao hajambo?” aliuliza taratibu.

“Hajambo. Amenisimamia kazi jana asubuhi nzima.”

Filimbi hakuelewa, wala hakuuliza. Lango likafunguliwa, wimbo ukawapokea, *nani hatalipokea*, na Dubu akaingia katika makelele. Begani, mara moja. Mara moja. Kwenye wavu zilipita kofia za walimu, tai, simu. Hakutafuta rangi yoyote leo. Siafu alikuwa darasani wakati ule, kwenye benchi lake, na hakukuwa na kilemba popote katika umati wote ule. Siku yao ya mwaka ilikuwa imekwisha kutumika. Aliyetamani kumkumbatia hakuwepo, wala asingekuwepo kesho. Kiu hiyo aliibeba ndani ya manyoya pamoja na joto.

Bombani alihisi vidole. Havikushika kwa nguvu kama vile vya siku ile; viligusa tu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo hana hakika kama imo watu.

Begani, mara mbili.

Miguu ikasimama.

Filimbi alimgonga kwa kifua, hakutarajia. “Twende,” alinong'ona, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza Baba Siafu kuisikia sauti yake akiwa ndani ya ngozi. Mara mbili tena, kwa nguvu. “Twende, baba wee, unanitafutia kesi.”

Dubu aliinama. Aliinama kuliko sheria ya kichwa inavyoruhusu, akafungua mikono gizani, akangoja. Kwanza hakuna kilichokuja. Kisha kitu kidogo kikaingia, kimejikaza kama ngumi, kikakaa, kikalegea. Hakujua ni wa kike au wa kiume, wala jina, wala alikuja na basi gani. Urefu ulikuwa ule ule wa Siafu, karibu amwite. Vidole vikazama kwenye manyoya ya mgongo, vikashika.

Hakuvuta.

Redio ya Filimbi ikakoroma. “Mbona Dubu amesimama hapo? Mpitishe. Nasema mpitishe, pana giza hapo.”

Mkono ulikuwa bado begani kwake. Aliusikia ukiinuka kidogo, kama ulivyozoea kuinuka kabla ya kugonga. Wimbo ulifika mwisho ukaanza upya. Redio ikarudia. Mtoto hakuachia.

Kisha mkono ukashuka, ukagonga mara moja tu, upande wa kulia. Kulikuwa na mtoto mwingine.